Nyumba za Wageni wa Siku Chache: Habari za Ujiji na Kigoma

Wanachama wetu,

Tangu msimu wa karafuu uliopita afisi yetu imeletewa suali moja mara kwa mara, nalo yafaa lijibiwe mbele ya wote. Wanachama wenye nyumba mjini, na baadhi ya wenye nyumba za mashamba zilizo karibu na pwani, wanafuatwa na madalali. Wanaambiwa wawatoe wapangaji wao wa mwezi, wazipake nyumba chokaa, watie vitanda vipya na feni, kisha nyumba hizo zitangazwe katika simu kwa wageni wa kutoka ng'ambo, ambao hulala siku mbili au tatu wakenda zao. Wanaahidiwa kwamba usiku mmoja wa mgeni utalipa zaidi ya kodi ya wiki nzima ya mwalimu wa skuli. Wako waliokubali, wako waliokataa, na walio wengi wanauliza kama jambo hili lina heri ndani yake.

Kwa kujibu suali hili sitaanza na Unguja, ambako kila mtu ana maneno yake, na nusu ya maneno hayo ni ugomvi wa jamaa. Nitakwenda mbali kidogo, mpaka Ujiji na Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Sababu ni mbili. Kwanza, Ujiji ni mji uliokua kwa watu wa pwani na visiwa hivi kukutana na Wajiji wenyewe wa pale, na lugha yake na ada zake si ngeni kwetu. Pili, kazi ya kuwalaza wapita njia ilikuwapo pale tangu zamani, ikapanda, ikashuka, ikahama. Huko basi twaweza kuuona mwisho wa kisa, ambapo kwetu sisi twauona mwanzo tu.

Katika karne ya kumi na tisa msafara ulioondoka Bagamoyo ulikwenda kwa miguu hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, mwendo wa miezi. Ukifika ziwani haukuweza kugeuka siku ya pili yake. Wapagazi walikuwa wamechoka na wengine wagonjwa. Mitumbwi ya kuvukia ng'ambo ya ziwa, kwenda Manyema, ilikuwa sharti itafutwe na bei yake ijadiliwe. Pembe za ndovu zilikuwa hazijafika, zikingojewa. Kwa hiyo kila msafara ulihitaji mahali pa kulala kwa wiki au kwa miezi, na chakula, na maji, na kuni. Burton na Speke, Waingereza wawili waliofika mwezi wa Februari 1858, walikaa katika tembe bovu lililojengwa zamani na mfanyabiashara wa Kiarabu, na kabla hawajatulia walitakiwa watoe hongo kwa mkuu wa mahali. Burton alinung'unika sana, lakini mimi simlaumu mkuu yule. Hongo ilikuwa ndiyo kodi ya mgeni: apitaye hapa, akala hapa na kunywa maji ya hapa, naye awaachie wenyeji kitu. Serikali zote za leo zatoza vivyo hivyo, ila zimebadilisha jina.

Wala tusiipambe biashara ile. Pamoja na pembe na chumvi ya Uvinza na mafuta ya mawese, watu pia walipitishwa Ujiji kwenda kuuzwa, na mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalilimwa na watumwa waliotoka bara. Hili twalijua, na si vyema kulisema kwa mnong'ono.

Aliyelieleza vizuri soko la Ujiji ni Cameron, Mwingereza mwengine aliyefika pale mwaka 1874. Fedha ya sokoni, asema, ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye sura ya vipande vya mti wa kiko uliovunjika. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwabadilishia waliotaka kununua. Soko lilipofungwa watu wale wale walizipokea tena sofi zao kutoka kwa wauzaji. Wakapata faida kwa huyu na wakapata faida kwa yule. Hawakuvua samaki, hawakulima mihogo, hawakubeba mzigo kutoka pwani; kazi yao ilikuwa kusimama katikati, na siku haikupita bila ya wao kupata.

Sasa mtazameni dalali wa simu. Kampuni inayojulikana zaidi katika kazi hii, Airbnb, ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 1008 na elfu moja zaidi, yaani 2008, nami nautaja mwaka kwa mzaha huu ili mkumbuke kuwa ni jambo la juzi tu. Haina nyumba, haina kitanda. Kwa miaka mingi ilikata kiasi cha asilimia 3 kwa mwenye nyumba na kiasi cha asilimia 14 kwa mgeni, katika malipo yale yale ya usiku ule ule. Kampuni nyingine hukata zote upande wa mwenye nyumba, nazo aghalabu hufika asilimia 15 au zaidi. Ni mtu wa sofi yule yule. Tofauti iliyopo ni kwamba mtu wa sofi alikaa Ujiji, akaoa Ujiji, na faida yake aliila Ujiji. Akipandisha sana aliweza kukutwa barazani na kuambiwa. Huyu wa sasa hakai mtaani kwetu, na malalamiko yake hupelekwa kwa maandishi.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huuchukua msemo huu kama kumfukuza mgeni, nami naona kinyume chake. Mgeni anayepewa jembe ndiye anayekaribishwa akae, kwa kuwa ameingizwa katika kazi ya nyumba. Na huu ndio uliokuwa utajiri wa Ujiji kuliko pembe. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikwenda pale kwa biashara, akaoa katika jamaa ya watawala wa pale, na miaka ya 1880 alikuwa liwali kwa jina la Seyyid Barghash. Wamanyema waliovuka kutoka upande wa Kongo, wengi wao wakiwa wapagazi au watumwa, walibaki wakajenga mitaa, misikiti na vyuo, hata leo huwezi kuieleza Ujiji bila ya kuwataja. Michikichi ya Kigoma nayo hutunzwa na watu waliokaa. Mchikichi ni kama mkarafuu: hauangalii mtu wa siku tatu.

Mgeni wa kulipa kwa usiku, kinyume chake, huondoka kabla ya siku ya jembe. Si kosa lake, ndivyo alivyokuja. Lakini mtaa wenye wageni wa namna hiyo kila siku huwa una watu na hauna majirani.

Narudi kwenye kisa. Mwaka 1914, mwezi wa Februari, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani baada ya kilomita 1,250 hivi. Haikufika Ujiji. Wahandisi waliona bandari ya Kigoma, kama kilomita 8 kaskazini, ina kina na kinga ya kufaa meli, nao wakaimaliza reli pale. Kwa uamuzi huo mmoja, ambao Wajiji hawakuulizwa, msafiri hakuwa tena na haja ya kulala Ujiji. Maafisa wakahamia Kigoma, maduka makubwa yakafuata, na Ujiji ikabaki na watu wake, michikichi yake, mitumbwi yake na miembe yake. Wageni wanaokwenda leo huenda kutazama mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hukaa saa moja mbili, kisha hurudi kulala Kigoma.

Ujiji haikufa, na hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Haikufa kwa sababu ilikuwa na wakaazi. Lau nyumba zake zote zingekuwa za wapita njia, basi mwaka 1914 ungeiacha magofu matupu.

Kigoma nayo ikaonja yale yale. Meli iliyounganishwa pale na kuteremshwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, iliufanya mji kuwa mahali pa kungojea. Abiria wa kwenda kusini hadi Mpulungu, Zambia, walishuka katika treni na kulala gesti wakiingoja. Liemba ilipokuja kusimama kwa ubovu, hapakuwa tena na cha kungojea. Kuna pia kisa cha mwaka 2015. Warundi kwa maelfu walikimbilia kijiji cha Kagunga, kilicho mpakani kabisa kwenye ukingo wa ziwa, kipindupindu kikawaingia, na Liemba hiyo hiyo ikatumwa kuwachukua kuwaleta Kigoma ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Nyuma yao wakaja wafanyakazi wa mashirika, na gari zao, na posho zao, wakitaka nyumba nzuri Kigoma, Kasulu na Kibondo. Mwenye nyumba yenye maji ya bomba na jenereta aliweza kutaja bei yake. Lakini kambi hufunguliwa na kufungwa kwa maamuzi ya wakubwa walio mbali: Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli, wilayani Kakonko, mwaka 2021. Shirika likiondoka haliulizi nani amekopa benki ili aongeze vyumba.

Watalii wa Kigoma wenyewe hawajawa wengi. Wanaokwenda Gombe kuwaona sokwe, hifadhi aliyoanza kufanya kazi Jane Goodall mwaka 1960 na ambayo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, hulala mjini usiku mmoja kisha hupanda boti. Mama muuza migebuka sokoni hupata kidogo, mwenye boti hupata, mwenye gesti hupata. Idadi ikiwa ni hiyo, mji huwabeba bila ya kuhisi.

Kwetu idadi si hiyo. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na wakaazi wake wote kwa sensa ya mwaka 2022 hawakufika 1,900,000. Walio wengi huishia Unguja, na huku Pemba bado twawahesabu, ila madalali wamekwisha kuvuka mkondo.

Natuingie katika hesabu, kwa maana ahadi ya dalali ni ya hesabu. Chukueni mfano wa nyumba ya vyumba viwili ambayo mwalimu anaipanga kwa Sh. 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 2,400,000, na kazi ya mwenye nyumba ni kupokea tu. Sasa aingie mgeni wa usiku kwa Sh. 60,000. Dalali atasema: siku thelathini mara elfu sitini, milioni moja na laki nane kwa mwezi! Hakuna nyumba inayolala wageni siku thelathini kila mwezi. Masika huja, wageni hukoma. Tuseme nyumba imepata masiku 90 katika mwaka, yaani Sh. 5,400,000. Toa asilimia 15 ya kampuni, Sh. 810,000. Toa mshahara wa mfagiaji na mlinzi mmoja wa Sh. 100,000 kwa mwezi, Sh. 1,200,000. Toa umeme, maji, sabuni, shuka zilizochanika na intaneti, tuseme Sh. 80,000 kwa mwezi, Sh. 960,000. Kinachobaki ni Sh. 2,430,000. Ni kodi ya mwalimu yule yule, na Sh. 30,000 juu yake, wala hatujalipa leseni, wala kodi ya Serikali, wala deni la vitanda.

Mwenye kupata masiku 200 atakuwa mbele sana, sikatai. Nyumba zilizo pwani yenye mchanga mweupe, karibu na barabara ya lami, zaweza kupata hayo. Nyumba iliyo Wete nyuma ya soko haiwezi, na dalali anajua kuwa haiwezi, lakini yeye hana hasara nyumba ikikaa tupu.

Hayo ni ya mwenye nyumba. Ya mtaa ni mengine, na hayamo katika hesabu ya dalali hata kidogo. Mwalimu aliyetolewa atatafuta nyumba mbali na skuli, naye atachelewa kila siku mvua inaponyesha. Muuguzi hali kadhalika. Nyumba chache zilizobaki za kupanga kwa mwezi zitapanda bei, kwa kuwa kila mwenye nyumba, hata yule asiyekusudia kumpokea mgeni, humwambia mpangaji wake kwamba jirani anapata elfu sitini kwa usiku. Kwa namna hii kijana wa pale pale anayetaka kuoa hukosa chumba katika mtaa aliozaliwa. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umekwisha kuona nyumba nyingi zikigeuka hoteli na nyumba za wageni, na wenyewe wakihamia ng'ambo. Nyumba zimetengenezwa, ni kweli, nyingi zingeanguka. Lakini adhana ikilia, saa nyingine safu haitimii.

Shela, katika kisiwa cha Lamu, ni kisa cha namna hiyo hiyo: nyumba nyingi za kale zilinunuliwa na Wazungu, zikatengenezwa vizuri mno, na hukodishwa kwa wageni msimu hata msimu. Hata nchi za Ulaya zimechoka. Mji wa Barcelona, Hispania, ulitangaza mwaka 2024 kwamba vibali vyote vya nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, havitaongezwa muda vitakapokwisha mwezi wa Novemba 2028. New York ilianza mwezi wa Septemba 2023 kuitumia sheria kwamba mwenye kupangisha kwa siku chini ya 30 awe amejiandikisha, na awemo ndani ya nyumba mgeni anapolala.

Sharti hili la mwisho laelekea kwangu kuwa na akili kuliko yote. Kuna tofauti kubwa baina ya kupangisha chumba katika nyumba unayokaa na kupangisha nyumba nzima uliyoihama. Bibi mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu, watoto wameondoka, akimweka mgeni chumba cha ukumbini, hamtoi mtu, wala mtaa haupungukiwi. Yeye mwenyewe yupo. Mgeni akivaa isivyofaa ataambiwa kwa upole, akipiga kelele usiku wa Ramadhani ataambiwa pia, na pengine ataonja boko-boko na kuondoka na heshima. Nyumba nzima yenye ufunguo uliofichwa chini ya chungu haina wa kusema neno. Jirani hamjui aliyeingia, sheha hana jina lake, na likitokea jambo mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Muscat.

Pwani nayo ina lake. Kigoma, katika mialo kama Kibirizi na Katonga, ufukwe ni mahali pa kuegesha mitumbwi, kuanika dagaa na kuuza samaki, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwetu pwani ni ya ngalawa, ya akina mama wa mwani, ya watoto. Nyumba ya wageni ikishatangazwa katika simu kwa picha ya ufukwe mtupu, mgeni huja akiutaka ufukwe mtupu, na hapo ndipo linapoanza neno la njia ya kushukia pwani kufungwa. Anayepangisha nyumba iliyo katika njia hiyo naaiandike njia katika mkataba kabla ya kuandika bei.

Kuhusu mikataba, nimesomeshwa mitatu na wanachama, na yote ina namna moja. Dalali hataki mkataba wa mwaka mmoja, ataka wa miaka mitano au kumi. Bei anapanga yeye. Matengenezo ni juu ya mwenye nyumba. Mgeni akivunja safari, hasara ni ya mwenye nyumba. Leseni ya Kamisheni ya Utalii haikutajwa kabisa, na ikikosekana ni mwenye nyumba atakayeitwa. Sioni sababu ya mtu mzima kutia sahihi karatasi ya namna hii. Mwaka mmoja watosha kwa majaribio, tena baada ya msimu mmoja wa kuona masiku yanayopatikana kwa yakini.

Jambo jingine latuhusu khasa sisi tulioachiwa nyumba na mashamba na wazee. Nyumba nyingi za wanachama hazikugawiwa. Ndugu mwanamme ndiye anayekaa na funguo, naye hujiona mwenyewe, ilhali dada zake wana mafungu yao yaliyotajwa wazi katika fungu la mirathi. Kodi ya mwalimu ilikuwa ndogo, na dada walinyamaza. Fedha ya wageni ikianza kuingia hawatanyamaza, wala hawana sababu ya kunyamaza. Kabla ya kumjibu dalali, warithi wote wakae, waandikiane, na kadhi apewe habari. Nyumba ya wakfu si ya kupangishwa na mtu binafsi kwa namna yoyote. Hiyo ni ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuangalia.

Mwanachama aliyeletewa mkataba wa namna hii naaulete afisini kabla ya kutia sahihi, pamoja na hati ya nyumba na majina ya warithi. Kusomewa ni bure. Asiyeweza kufika kwa sababu ya uchumaji, naampe karatasi mjumbe wa tawi lake pamoja na karatasi za mizani.

Katibu